Hati ya Shamba Ikiwa na Kasoro, Nani Ataulizwa?

Hakuna karatasi inayotunzwa nyumbani kwa uangalifu kuliko hati ya shamba. Wengine huiweka katika sanduku la bati chini ya kitanda, wengine huifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuificha katikati ya nguo za sikukuu, na wengine huipeleka benki ili moto au mchwa usije ukaiharibu. Ina jina la mwenyewe, namba ya kiwanja, muhuri wa Serikali na sahihi ya Msajili wa Ardhi. Mwenye nayo huona ya kuwa shauri lake limekwisha, na kwamba watoto wake hawatasumbuliwa na mtu.

Lakini hutokea siku moja mwenye shamba akaletewa waraka wa mahakama. Mtu mwingine anadai shamba lile lile, naye pia ana hati, nayo ina muhuri na sahihi kama ile nyingine. Au mwenye shamba amekwenda kuomba mkopo, akaambiwa ya kuwa katika rejista jina lake halimo. Hapo ndipo huuliza: "Hati hii sikuiandika mimi. Imetoka katika ofisi ya Serikali. Basi ikiwa ni mbaya, ni nani atakayenilipa?"

Swali hilo husikika mara nyingi Kitale na Bungoma, mahali ambapo mashamba yananunuliwa na kuuzwa kila siku, na ambapo watu wengi wa Bungoma wamenunua ardhi upande wa Trans Nzoia. Inafaa lijibiwe kwa utaratibu, maana jibu lake lina pande mbili. Sheria ya Kenya inamfunga afisa aliyekosea, na tena inaifunga Serikali iliyomwajiri. Lakini kabla ya kulipa chochote, sheria hiyo hiyo humgeukia mlalamikaji na kumwuliza yeye mwenyewe alifanya nini.

Vitu vitatu vinavyopaswa kukubaliana

Kwanza yatupasa kufahamu tofauti ya vitu vitatu. Kuna shamba lenyewe, lenye mipaka yake, miti yake na watu wanaolilima. Kuna rejista iliyo katika ofisi ya ardhi, ambayo karatasi yake ya kila shamba watu wameizoea kwa jina la kadi ya kijani, pamoja na ramani inayoonyesha umbo la shamba hilo. Na kuna hati, ambayo mwenye shamba hupewa akaenda nayo nyumbani.

Hati ni ushahidi wa yale yaliyoandikwa katika rejista. Vitu hivi vitatu vikikubaliana, mambo ni mema. Visipokubaliana, hapo ndipo penye kasoro. Pengine shamba lina ekari tatu na hati inasema tano. Pengine hati ina jina la mtu mmoja na kadi ya kijani ina jina la mwingine. Pengine hati na rejista vinapatana vizuri kabisa, lakini aliyeandikishwa aliingizwa humo kwa hila, na mwenye ardhi halisi yumo shambani analima bila habari. Kasoro hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mnunuzi akiitazama karatasi peke yake haioni.

Kitale na Bungoma zina asili mbalimbali

Ijapokuwa miji hii miwili haiko mbali, hati zake hazikuzaliwa kwa njia moja.

Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi. Mashamba hayo yalipimwa mapema, na hati zake nyingi zilitolewa chini ya sheria za zamani, kama ile ya Uandikishaji wa Hati ya mwaka 1919. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, walowezi wengi waliuza. Baadhi ya mashamba yaligawanywa na Serikali kuwa makazi ya wananchi. Mengine yalinunuliwa na watu waliochanga fedha pamoja katika kampuni au chama cha ushirika. Mengine yaliingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoundwa mwaka 1965.

Kwa sababu hiyo, kasoro nyingi za upande wa Kitale hutokana na kugawanya shamba kubwa. Mwanachama alilipa hisa zake akapewa risiti, akaonyeshwa kipande chake, akajenga. Hati ya shamba zima ikabaki kwa kampuni miaka mingi. Siku ya kukata vipande ilipofika, majina yalipungua au yaliongezeka, na mtu aliyekaa miaka ishirini akaona kipande chake kimeandikwa kwa mgeni. Tena kuna ardhi ya umma iliyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa isivyo halali katika Kenya kati ya mwaka 1962 na 2002. Mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo ni miongoni mwa mali iliyochunguzwa na Tume hiyo.

Bungoma ilikuwa na njia nyingine. Huko ardhi ilikuwa ya koo na jamaa, ikilimwa kwa desturi, na mipaka ikijulikana kwa miti, vijito na ushuhuda wa wazee. Kazi ya kuamua mipaka na kuandika majina ilifuata Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na sehemu yake kubwa ilifanywa baada ya Uhuru. Ndipo yalipopatikana majina ya sehemu tunayoyaona katika hati hata leo, kama East Bukusu/South Kanduyi. Wakati wa kuandikisha, mara nyingi jina moja tu liliandikwa kwa ajili ya jamaa nzima: la baba, au la ndugu mkubwa, au la yule aliyekuwapo nyumbani siku ile. Basi kasoro nyingi za Bungoma ni za kwenu kwa kwenu. Mtu ameuza shamba la marehemu baba yake kabla mahakama haijampa mamlaka ya kusimamia urithi, au ndugu mmoja ameandikishwa peke yake akawasahau wenzake.

Kazi ya kila anayeigusa hati

Watu husema "ofisi ya ardhi" kana kwamba ni mtu mmoja. Kwa kweli hati hupitia katika mikono ya watu wengi, na kila mmoja ana wajibu wake.

Mpima ardhi ndiye anayekwenda shambani na vyombo vyake, akapima na kuchora namna shamba litakavyokatwa. Akichora mpaka mahali usipokuwapo, kosa lake huingia katika ramani, na kutoka katika ramani huingia katika hati. Mpima mwenye leseni anaweza kufikishwa mbele ya Bodi ya Wapima Ardhi.

Bodi ya Kudhibiti Ardhi hutoa kibali cha kuuza au kugawanya shamba la kilimo, chini ya sheria ya mwaka 1967. Kazi yake si kupiga muhuri tu. Mbele ya Bodi ndipo mke, watoto na majirani wanapopata nafasi ya kusema, "Shamba hili haliuzwi, sisi tumo ndani yake."

Wakili huandika mkataba na waraka wa kuhamisha shamba, na kuthibitisha ya kuwa mtu aliyetia sahihi mbele yake ni yule anayesema kuwa ndiye. Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye wakili kuandika nyaraka hizi kwa malipo, na jina la aliyeziandika hutakiwa lionekane. Haya yana sababu kubwa. Karani wa barabarani akikuandikia mkataba wenye kosa, hukumpata mtu wa kumwuliza. Wakili ana jina, ana ofisi, na anaweza kushitakiwa kwa uzembe au kupelekwa mbele ya Baraza la Nidhamu la Mawakili.

Mwisho ni Msajili wa Ardhi, ambaye huingiza jina katika rejista na kutoa hati. Sheria inampa uwezo wa kumwita mtu aje na nyaraka, kumhoji, na kukataa kuandikisha jambo lisilo na utaratibu. Mwenye uwezo wa kukataa hawezi kusema baadaye ya kuwa yeye alikuwa mwandishi tu.

Sheria ilivyokuwa na ilivyo sasa

Zamani mwenye kudhulumiwa alikuwa na njia nyembamba. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 iliipa mahakama uwezo wa kusahihisha rejista iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa kosa, lakini ikatoa nje uandikishaji wa kwanza. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza kabisa kuandikwa katika rejista aliweza kushinda kwa ajili ya kutangulia tu, hata kama alipata nafasi hiyo kwa hila. Katika nchi kama Bungoma, ambako uandikishaji wa kwanza ndio uliokusanya ardhi ya jamaa chini ya jina moja, kifungu hicho kiliwaumiza wengi, na mahakama zililazimika kutafuta njia ya kuwasaidia kwa kusema ya kuwa aliyeandikwa ameshika shamba kwa amana ya wenzake.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012. Mahali pake pakawekwa Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi, namba 3 ya mwaka huo, na ule ukuta wa uandikishaji wa kwanza haumo tena. Kifungu cha 26 kinasema ya kuwa hati itachukuliwa na mahakama kuwa ushahidi wa umiliki, ila inaweza kupingwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni udanganyifu au maelezo ya uongo ambayo mwenye hati mwenyewe alishiriki. Ya pili ni hati iliyopatikana isivyo halali, au bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa rushwa.

Msomaji aiangalie vizuri sababu hiyo ya pili, maana humo hamna maneno "ambayo mwenye hati alishiriki." Mwaka 2013, katika shauri la Elijah Makeri Nyangw'ra, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Eldoret ilieleza waziwazi ya kuwa hati inaweza kufutwa kwa sababu hiyo hata kama anayeishika leo hakufanya hila yoyote. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Munyu Maina, ilisema ya kuwa asili ya hati ikitiliwa shaka, haitoshi mwenye nayo kuinyanyua karatasi yake mbele ya jaji. Yampasa kuonyesha aliipataje, tangu mwanzo wake.

Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho katika Kenya, iliamua shauri la kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua kiwanja karibu na ufuko, kilichogawiwa mtu binafsi kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Majaji waliona ya kuwa ugawaji ule wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo mnunuzi wa baadaye hakuweza kupata kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 40, inasema ya kuwa ulinzi wa mali hauifikii mali iliyopatikana isivyo halali.

Basi mtu wa Kitale anayenunua kipande cha ardhi iliyokuwa ya shirika la umma, au ya shule, au ya barabara, asijifariji ya kuwa ametoa fedha taslimu na kupewa risiti. Mzizi ukiwa umeoza, tawi halitasimama.

Ni nani hulipa?

Sasa tumefika kwenye swali lenyewe. Kifungu cha 81 cha sheria ya mwaka 2012 kinasema ya kuwa mtu aliyepata hasara kwa sababu rejista imesahihishwa, au kwa sababu ya kosa katika nakala ya rejista iliyothibitishwa na ofisi, ana haki ya kulipwa fidia na Serikali. Ni Serikali inayotakiwa kulipa, wala si karani mmoja mwenye mshahara mdogo. Hii ni kinga kubwa kwa mwananchi, kwani afisa anaweza kuhamishwa, kustaafu au kufa, lakini Serikali ipo.

Ndiyo sababu mashauri haya, kwa desturi, humshitaki Msajili wa Ardhi kwa cheo chake pamoja na Mwanasheria Mkuu, ambaye hujibu kwa niaba ya Serikali.

Lakini kifungu hicho kina mlinzi mlangoni. Fidia hailipwi kwa mtu aliyesababisha hasara yake mwenyewe, au kuchangia sehemu kubwa ya hasara hiyo, kwa udanganyifu au kwa uzembe. Hebu tuone jambo hili kwa mfano wa wanunuzi wawili.

Mnunuzi wa kwanza alionyeshwa hati na muuzaji katika hoteli ya chai. Aliiona ina muhuri, akaridhika. Hakwenda ofisi ya ardhi. Hakwenda shambani kuwauliza majirani. Aliandikiwa mkataba na karani asiye wakili, akalipa fedha mkononi usiku ule ule kwa kuogopa kutanguliwa. Baadaye alipoambiwa ya kuwa hati ni ya kughushi, alikwenda mahakamani kudai fidia. Mawakili wa Serikali watamwuliza: "Uliangalia rejista? Uliuliza ni nani anayelima pale? Kibali cha Bodi kiko wapi?" Naye hatakuwa na jibu.

Mnunuzi wa pili alikwenda kwanza ofisi ya ardhi akaomba upekuzi wa rejista, akalipa ada, akapewa cheti chenye tarehe, sahihi na muhuri. Cheti kilisema ya kuwa shamba ni la muuzaji na halina deni. Alikwenda shambani pamoja na mpima. Alipata kibali cha Bodi. Alilipa kwa njia ya benki, kupitia kwa wakili. Ikiwa baadaye itaonekana ya kuwa ofisi ilikuwa imeingiza jina la muuzaji kwa kosa, huyu ana la kusema mbele ya jaji. Anaweza kuonyesha ya kuwa alifanya kila lililompasa, na kwamba aliyempotosha ni ofisi yenyewe, kwa karatasi iliyotiwa sahihi nayo.

Kwa hiyo cheti kile cha upekuzi, ambacho watu wengi hukitupa baada ya kununua, kina thamani kubwa. Hati inasema wewe ni mwenye shamba. Cheti cha upekuzi kinaonyesha ni nani aliyekuambia kwamba unaweza kununua. Viwekwe katika sanduku moja.

Mahali fidia inapokoma

Ingekuwa vibaya kumwambia msomaji ya kuwa kila kasoro ina malipo. Yako mambo yasiyofidiwa.

Serikali hailipi fidia kwa sababu tu vipimo vya shamba vimeonekana kuzidi au kupungua kuliko ukubwa ulioandikwa katika rejista. Aliyenunua ekari tano akapata nne na nusu hawezi kumdai Msajili ile nusu. Dawa yake ni kupima kabla ya kulipa.

Kiasi cha fidia nacho kina mpaka, maana sheria hutazama thamani ya haki iliyopotea kwa wakati uliowekwa na sheria yenyewe, wala si bei yoyote anayoitaka mdai siku ya hukumu.

Tena kuna muda. Chini ya sheria ya ukomo wa mashauri ya mamlaka za umma, madai ya madhara dhidi ya Serikali yanatakiwa kuletwa mahakamani ndani ya miezi 12. Madai ya kurudishiwa ardhi yenyewe kutoka kwa mtu mwingine yana miaka 12, na palipo na udanganyifu muda huhesabiwa tangu siku ulipogunduliwa, au siku ambayo mtu mwangalifu angeugundua. Anayekaa kimya akingoja msimu wa mahindi uishe, kisha Krismasi ipite, anaweza kukuta mlango umefungwa.

Hata baada ya kushinda, subira yatakiwa. Sheria haimruhusu mtu kupeleka dalali akakamate magari ya Serikali kwa ajili ya deni la hukumu. Yampasa mshindi kuchukua cheti cha amri ya mahakama na kukipeleka kwa ofisa mkuu wa hesabu wa wizara. Asipolipwa, hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha ofisa huyo. Njia hii ni ndefu, na imewachosha wengi.

Afisa mwenyewe je?

Wengine huona uchungu wakisema, "Serikali italipa kwa kodi yetu, na yule aliyeiuza rejista atabaki akinywa chai ofisini." Sivyo sheria inavyotaka.

Sheria hutenganisha afisa aliyekosea kwa nia njema na afisa aliyefanya hila. Aliyeandika namba 6 mahali pa 9, kisha akakiri na kusahihisha, si mhalifu. Kwa makosa madogo kama hayo Msajili ana uwezo, chini ya kifungu cha 79, wa kusahihisha rejista baada ya kuwaarifu wanaohusika. Ila kufuta hati ya mtu moja kwa moja ni kazi ya mahakama, chini ya kifungu cha 80. Msajili akimfutia mtu hati yake bila kumsikiliza, huyo naye amevunja sheria.

Lakini afisa aliyeshiriki katika udanganyifu, au aliyeleta hasara kwa uzembe, anaweza kudaiwa na Serikali irudishiwe fedha iliyozilipa kama fidia. Aliyeghushi, aliyefuta au kubadili maandishi ya rejista, au aliyeficha waraka kwa hila, hutenda kosa la jinai, naye aweza kutozwa faini au kufungwa. Na Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya mwaka 2003, katika kifungu cha 51, inasema ya kuwa mtu aliyefanya ufisadi anawajibika kumfidia kikamilifu kila aliyepata hasara kwa tendo lake. Hapo hulipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Hata hivyo, anayedai udanganyifu ndiye anayetakiwa kuuthibitisha, na mahakama hutaka ushahidi wenye uzito kuliko ule wa madai ya kawaida. Haitoshi kusema, "Kila mtu hapa Kitale anajua." Zatakiwa karatasi, tarehe na mashahidi.

La kufanya kasoro ikionekana

Mtu akigundua ya kuwa hati yake ina kasoro, asiende kupigana mpakani, wala asikubali kutoa "kitu kidogo" ili mambo yanyoshwe kwa siri. Akitoa rushwa, amejitia mwenyewe katika kundi la waliochangia hasara. Afanye hivi.

Kwanza, aombe upekuzi wa rejista na nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani. Kwa shamba la Trans Nzoia aende ofisi ya ardhi ya Kitale, na kwa shamba la Bungoma aende ofisi ya Bungoma.

Pili, amwandikie Msajili barua akieleza kasoro, naye abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayana tarehe.

Tatu, aombe ilani ya tahadhari iwekwe katika rejista, ili shamba lisije likauzwa tena wakati shauri linaendelea. Ilani hii huwekwa na Msajili. Palipo na kesi, mahakama nayo yaweza kutoa zuio lake.

Nne, amwone wakili mapema, kwa ajili ya ule muda wa miezi 12. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Kitale na Bungoma zote mbili zina Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri hadi Nairobi. Mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 20 yaweza pia kusikilizwa na mahakimu waliopewa uwezo huo.

Tano, akiona dalili za rushwa, apeleke habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo ina ofisi ya kanda Bungoma. Ikiwa ni uvivu tu wa ofisi, kama barua kutojibiwa au faili kupotea, alalamike kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Zamani mzee wa ukoo alipokata mpaka, alipanda mti mbele ya mashahidi, na mashahidi hao waliulizwa hata baada ya miaka arobaini. Leo mashahidi wetu ni rejista, ramani na vyeti, na maafisa wanaoviandika wanaweza kuulizwa kama walivyoulizwa wazee wale. Lakini shahidi hujibu anapoitwa, na anayepaswa kumwita ni mwenye shamba. Basi asingoje waraka wa mahakama. Akiwa na nafasi wiki hii, aitoe hati yake katika sanduku, aende nayo ofisi ya ardhi, na kuhakikisha ya kuwa rejista inasema vile vile.